Kihamba Nilichokiandika Shamba

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na kila nikifika kwenye asili ya maneno huliruka neno shamba. Neno hilo na kihamba la Kichagga yanafanana kama ndugu wa tumbo moja. Wapo wanaodai shamba lililetwa na wageni, wapo wanaosema ni Kibantu tupu. Kama yana damu moja sijui, na hamu ya kujua imeniisha. Maana zake ndizo ninazozijua. Shamba letu lilikuwa Chekereni, huko chini kwenye joto: tunashuka kulima mahindi, jioni tunarudi. Kihamba kilikuwa Marangu: migomba, kahawa, ng'ombe wawili, na kaburi la baba nyuma ya nyumba.

Bei ya kahawa ilipoanguka, mdogo wangu, kitindamimba aliyerithi kihamba kwa mila, akapata mnunuzi kutoka mjini. Mimi binti sikuwa na sauti, ila nilikuwa na mwandiko mzuri, nikaitwa kuandika mkataba. Nikaandika "shamba la ekari moja." Niliona ndicho Kiswahili sanifu. Mjinga mimi.

Mama aliomba nimsomee. Nilipomaliza akasema, "Shamba unakwenda, unarudi. Hapa ndipo unaporudi."

Akatoka, akaja na jani la isale, akaliweka juu ya karatasi. Kwetu anayeletewa isale hakatai, hata kwa kosa la damu. Mzazi kumwomba mwanawe kwa isale sijaona tena. Mdogo wangu aliinamisha kichwa, na naamini angelipokea. Mimi nilikuwa nawahi gari la mjini. Nikalisogeza jani pembeni, nikamalizia mstari.

Miaka minne baadaye mama alifariki. Mwenye mali mpya alisema, kwa adabu kabisa, kwamba mkataba hautaji makaburi. Ilikuwa kweli. Tukamteremsha mama Chekereni, tukamzika kando ya mahindi, mbali na mumewe.

Kila mwaka nashuka na chipukizi la isale, nalipanda kichwani pake kumwomba radhi. Halishiki, jua linalikausha. Vijana wanaopita na majembe hunipa shikamoo, wananiuliza kama nimekuja shambani. Nawajibu ndiyo. Jioni napanda gari narudi, namwacha pale.