Vilema Wanne wa Kijiji Kimoja

Watu hunishangaa nikimcheka baba yangu, mtu aliyekuwa kiwete na mkimbizi. Nacheka kwa sababu mwenyewe alipenda kucheka. Tena jamani, msinionee huruma. Ninayoyasema hapa ni shukrani kwa watu wa Nyegezi, maana bila wao sijui leo ningekuwa wapi.

Tulitoka Ruanda wakati wa njaa. Kabla ya hapo baba alikuwa ameangukiwa na mti kwenye kazi ya shuruti ya barabara, ukamvunja nyonga, na miguu yake haikufanya kazi tena. Mama alifariki njaa ilipoanza. Wajomba zangu wakambeba baba kwa machela mpaka Bukoba, wakatupakia kwenye meli ya Mwanza, wao wakabaki kutafuta vibarua. Mimi nilikuwa na umri wa kung'oka meno ya mbele.

Nyegezi, kijiji cha ziwani karibu na Mwanza, tulipokewa na mama mmoja, mke wa mvuvi, mwenye mdomo mkali kuliko pilipili. Alitupa banda la mbuzi wake, na mbuzi wakahamia nyumbani mwake, chini ya kitanda. Baba alifunga vipande vya ngozi ya ng'ombe magotini na viganjani, akawa anatambaa mpaka ziwani kukata matete ya kusukia migono, ile mitego ya samaki. Alisuka vizuri, nasema kweli. Wavuvi wakampa samaki, furu na ningu, kina mama wakatuletea ugali na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, nasi tukashiba.

Shida ilikuwa karatasi. Siku hizo mwanaume bila stakabadhi ya kodi alihesabika kama mzururaji. Basi baba akaomba apelekwe mjini, bomani, nami nikafuatana naye.

"Nimekuja kulipa kodi, Bwana Karani," akasema kutoka chini.

Karani akainama juu ya meza amwone. "Kiwete halipi kodi. Umesamehewa."

"Ahsante, Bwana. Basi nipe karatasi ya msamaha."

"Msamaha ni wa watu wa wilaya hii. Wewe umetoka ng'ambo."

"Nifanye nini niwe wa wilaya hii?"

"Lete stakabadhi ya kodi."

Loo! Baba akacheka mpaka machozi yakamtoka, na karani akakasirika. Akasema watakuja kuhesabu watu kijijini, na mgeni yeyote asiye na ndugu wa kumwandikisha atapandishwa meli, arudishwe Bukoba, na kutoka huko mpakani. Njiani baba hakucheka tena. Kwao hakukuwa na mtu aliyebaki wa kumpa hata maji, na mimi nilijua hivyo. Niliogopa sana.

Kwa watu wa Nyegezi, msaada ulikuwa hautangazwi. Ukimsaidia mtu halafu ukaongea, umemwaibisha. Ndiyo maana hakuna aliyemshauri mwenzake, na ndiyo maana mambo yakaharibika.

Karani alikuja na askari mmoja na kitabu kikubwa, akapita nyumba kwa nyumba asubuhi nzima. Sisi tuliambiwa tukae ndani. Mchana akaketi uani kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, akaita watu wote, na baba naye akatambaa mpaka pale. Karani akafungua kitabu.

"Mwanangwa, kijiji hiki kimepatwa na balaa gani? Nimeandika vilema wanne. Wote ni wa miguu, wote wana binti mmoja, wote wanasuka migono. Lakini namwona mmoja tu."

Wanaume wanne wakaanza kutazama vidole vyao vya miguu. Kila mmoja, kwa siri yake, alikuwa amemwandikisha baba kuwa kaka yake wa damu. Mume wa yule mama wa mbuzi alikuwa mmojawapo.

"Kumdanganya karani ni kifungo," karani akasema. "Ndugu yake wa kweli ni nani?"

Kabla hawajafungua midomo, baba akainua kiganja chenye ngozi. "Bwana, usiwafunge hawa. Mimi sina ndugu hapa. Nimetoka ng'ambo, kama unavyojua."

Nikatuona tayari tuko melini. Lakini sauti iliyofuata haikuwa ya karani wala ya askari.

"Huna ndugu?" Yule mama alikuwa amesimama, kanga imemlegea, hana habari nayo. "Wewe! Unakula kwenye bakuli la nani kila siku? Mbuzi wangu wananikojolea chini ya kitanda kwa ajili yako, leo unasimama mbele za watu, haya, unakaa, unasema huna ndugu? Umeniona mimi takataka?"

Watu wakataka kucheka wakashindwa, maana alikuwa analia kweli. Baba akainamisha kichwa.

Karani akamtazama yule mama. "Uongo mngeweza kumfundisha," akasema taratibu, "lakini hasira hii hakufundishwa." Akachukua kalamu, akaifuta mistari yote minne. "Kitabuni siwezi kumwacha. Lakini nimetumwa kuhesabu walipa kodi, na huyu halipi." Akafunga kitabu, akamwita askari wake, wakaondoka.

Baba hakupata ile karatasi mpaka anakufa. Kila mwaka wa kuhesabu tulikuwa na hofu ileile, na kila mwaka wakapita. Naishukuru ile kalamu, lakini zaidi namshukuru yule mama.

Yeye alinuna siku tatu. Chakula alileta, ila alikitua mlangoni kwa kishindo, akaondoka bila salamu. Baba hakuweza kula. Siku ya nne akatambaa mpaka kwake, akapiga hodi.

"Nani?" akauliza kutoka ndani, na alijua kabisa ni nani.

Baba akajikohoza. "Ni mimi, shemeji. Ni ndugu yenu."

Kisha mlango ukafunguliwa.

"Haya, ingia," akasema. "Ugali unapoa."