Kuonja Chakula cha Dada

Wodini wananiita Mwalimu, ingawa chaki sijawahi kushika. Ni kwa sababu kila wanafunzi wa uuguzi wakiletwa, mimi ndiye ninayetwishwa kazi ya kuwafundisha. Nao huja na akili za mtaani: mgonjwa wa akili kwao ni mtu anayeokota makopo na kutukana wapita njia. Huwa nawakatisha hapo hapo. Mkisubiri aokote makopo mmeshachelewa, nawaambia. Mtazameni aliyekuwa msafi, sasa haogi. Mtazameni anayecheka na hakuna aliyesema kitu, au anayekataa chakula mpaka akione kikipakuliwa. Na mkiona, andikeni. Msijifanye mawakili wa ugonjwa.

Miaka ishirini na sita nimesema hayo, kisha kwangu nikawa wakili namba moja.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na dada yangu. Mama alifariki nikiwa na miaka minane, dada ana kumi na tisa, akaacha masomo akanilea kwa cherehani. Mimi sikujaliwa kuoa, yeye akafiwa na mumewe, basi utu uzimani tukarudiana: vyumba viwili, redio moja, na ugomvi wa kila siku kuhusu chumvi. Ndiye mtu pekee duniani aliyekuwa akinigombeza. Watu hawajui raha ya kugombezwa.

Alianza na vikombe. Akawa anaosha kikombe mara tatu kabla ya kunywa. Nikasema, usafi huo. Akaacha kumsalimia mama jirani, eti anamsikia ukutani akimsema. Nikasema kweli yule mama ana domo. Akafunika televisheni kwa shuka. Nikasema heri, umeme utapungua. Loo! Mwanafunzi angeniletea maelezo kama hayo ningemrudishia daftari lake.

Kisha akaanza kunusa chakula nilichopika. Hapo nilifanya kosa ambalo mtu mwingine angesamehewa, mimi hapana. Wodini tunafundisha usibishane na imani ya mgonjwa, wala usiingie humo ukaishi naye. Mimi nikachukua kijiko, nikaonja kwenye sahani yake. Umeona, nikamwambia, hakina kitu. Akala, nami nikafurahi kama mjinga. Kuanzia hapo kila mlo nikawa naonja, miezi minne, na kila nikionja nilikuwa nakubali kwamba kuna kitu cha kuonjwa. Nilijua. Lakini nikishatamka kwamba anaumwa, dada angekuwa mgonjwa kama wale wangu wa wodini, nami nibaki na nani?

Jumatatu moja nikaonja wali kama kawaida, nikamsogezea. Hakuugusa. Alinitazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgeni.

"Aliyeweka sumu," akasema, "ndiye anayejua upande gani hauna."

Hakula siku hiyo, wala Jumanne. Jumatano gauni lilikuwa linamning'inia mabegani, nami ubishi ukaniisha. Nikampigia Sista, muuguzi mwenzangu tuliyeanza naye kazi ujanani. Akaniuliza nimeanza kuona lini. Nikamwambia ukweli, miezi minne na zaidi. Akasema tu anakuja. Alikuja asubuhi ile ile, akaketi na dada, akamwambia bila kuzungukazunguka kwamba leo ni siku ya tatu hajala na ingefaa daktari amwone. Dada akakubali kwa sharti moja, kwamba mimi nisikae karibu naye garini.

Kwenye kliniki ya hospitali yetu nikaketi kwenye kiti cha mlangoni, cha ndugu wa wagonjwa. Miaka yote hiyo sikujua kwamba kinayumba. Daktari, mama mmoja mtulivu, akasema ataanza na vipimo vya damu na mkojo, maana kwa umri wa dada chanzo kinaweza kuwa mambo mengi. Kisha akamuuliza anaishi na nani.

"Peke yangu," dada akajibu. "Nina mdogo wangu, lakini siku hizi haji. Huyo hapo mlangoni amefanana naye tu."

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nimekaa na upweke wa aina nyingi, lakini kama ule sijawahi.

Daktari akamuuliza kama angependa huyo mdogo wake atafutwe. Dada akafikiri sana. Akainama mbele, akapunguza sauti ili nisisikie, nami nikasikia yote.

"Mtafuteni. Mwambieni asithubutu kula chochote kwenye nyumba ile. Mlafi yule tangu mdogo, akiwekewa hakatai."

Daktari akageuza macho kwangu. Sista akatazama dirishani.

"Nitamwambia," nikasema.

Siku ile sikula nyumbani.