Macho Yaliyokataa Kushuka

Sijamsamehe baba mkubwa, na sina mpango huo.

Kwetu Chiola mwanamke akimwamkia kaka wa mumewe hupiga goti na kuangalia chini. Mama alifanya hivyo tangu alipoolewa, na hata baba alipofariki hakuacha. Kisha msimu mmoja wa korosho akaanza kumkodolea baba mkubwa macho. Goti anapiga, shikamoo anatoa, lakini macho yamebaki usoni kwa mzee. Siku hizohizo akawa anajikwaa kizingitini, anamwaga mboga, anazipita korosho zilizo miguuni pake. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo. Baba mkubwa akasema mjane amepata kiburi kwa sababu ya mikorosho aliyoachiwa. Aliitisha kikao cha ukoo, mama akaambiwa arudi kwa kaka yake kijijini Kiegei mpaka atakapokuja kuomba radhi. Mama akakataa kuomba radhi kwa kosa asilolifanya. Mimi nilikuwa fundi cherehani Nachingwea mjini, na niseme ukweli, siku ile nilimgombeza mama kwenye simu.

Mwaka ukapita. Alipoanguka chali mara ya tatu nikampeleka Ruangwa kwa daktari. Yule daktari aliinua kalamu juu, akaweka kidole chini, akamwambia mama aruke kwa macho kutoka kwenye kalamu hadi kwenye kidole. Mama alijitahidi mpaka paji la uso likakunjamana, macho yakagoma. Kisha daktari akamwambia amtazame puani, akamshika kidevu na kukiinua taratibu. Mboni zikateremka zenyewe.

Akanieleza kwamba macho ya mama ni mazima. Tatizo liko kwenye shina la ubongo, ambako kuna seli za kuyarusha macho. Seli hizo hutulia zikiwa zimezuiwa na nyingine, halafu hufyatuka kwa pamoja na jicho huruka kabla mwenyewe hajajua. Za mama za kuyarusha juu na chini zilikuwa zinakufa. Kichwa kikisogezwa, amri hupita njia nyingine inayoanzia ndani ya sikio, na hiyo ilikuwa bado nzima. Dawa ya kuzirudisha zilizokufa hakuna. Nikauliza kama mtu wa namna hiyo anaweza kuinamisha macho kwa heshima. Akasema hawezi, hata akitaka vipi.

Njia nzima ya kurudi sikulia. Nilikuwa napanga. Nilitaka baba mkubwa aaibike mbele ya walewale waliokaa kwenye kikao chake, na nikaisubiri hitima ya baba, ukoo wote ukiwa uani Chiola. Mama hakutaka kwenda. Nilimbembeleza asubuhi nzima mpaka akachoka kubishana nami.

Nilimkalisha mbele ya baba mkubwa, nikaeleza ugonjwa, kisha nikamtaka mzee amwamuru mama aangalie chini. Alikataa. Nikang'ang'ania mpaka akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, angalia chini." Macho ya mama yalibaki usoni kwake, yakilengwa na machozi. Watu wakanong'ona. Nilifurahi, siwezi kuficha, nilipomwona mzee hajui aweke wapi mikono yake.

Ningepaswa kuishia hapo. Lakini nilitaka zaidi, nikamshika mama kidevu na kukiinua kama daktari alivyofanya, mboni zikateremka watu wote wakiona.

"Umeona, baba mkubwa? Adabu yake ilikuwepo siku zote."

Mzee akalia kwa sauti, akaomba radhi. Nilisimama pale nimeshiba. Mama akautoa mkono wangu kidevuni pake. Siku hizo maneno yalikuwa yanamtoka polepole, na watu walinyamaza wamsikie.

"Mwaka mzima nilikataa kuja kujishusha mbele ya mtu huyu," aliniambia. "Leo umenileta wewe, ukanishika kidevu kama mbuzi wa mnadani."