Kikombe cha Kunyolea

Mume wangu alipopunguzwa kazi kiwandani, kilichomshinda kwanza kilikuwa kukaa. Alikuwa fundi wa kuchonga kalibu za viatu, zile nyayo za mbao ambazo ngozi huvutwa juu yake ipate umbo la mguu, na kwa miaka mingi mikono yake haikuwa mitupu tangu asubuhi hadi king'ora cha jioni. Sasa aliamka kabla ya jua kama kawaida, akanyoa ndevu, akavaa, akatoka hadi barabarani, akarudi. Alasiri alinyoa tena. Nikitoka shuleni kufundisha nilimkuta kidevu kimechubuka, na vyumba vyetu viwili vya Mwembesongo vimepangwa upya: kitanda kimehamia dirishani, kabati limehamia palipokuwa na kitanda. Kesho yake vilirudi vilipokuwa.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sabuni, ambayo tuliwahi kuipangia foleni alfajiri, sasa watu waliichagua kwa harufu. Viwanda navyo vilikuwa vikifunga milango, leo hiki, mwezi ujao kile. Mjini kulikuwa na wanaume wengi waliotembea haraka bila kuwa na pa kwenda, na mume wangu alikuwa mmoja wao.

Siku nyingi matembezi yake yaliishia kwa kinyozi wa mtaani, chini ya kipenu cha bati. Hakwenda kunyolewa, alifuata watu. Wakati ule ule ugonjwa ulikuwa umeanza kuzungumzwa kwa sauti ya chini, na wateja walikuwa wanakuja na nyembe zao wenyewe, zimefungwa kwenye karatasi. Lakini kikombe cha povu kilikuwa kimoja, na brashi ilikuwa moja, ikitoka kidevu hiki kwenda kile. Siku moja mume wangu aliona mtu amekatwa kidogo chini ya sikio. Brashi ilipita juu ya jeraha, ikarudi kikombeni, na kwenye povu akaona uzi mwekundu. Mteja mwingine alikuwa ameshakaa kitini.

Alikuja nyumbani mbio, akachukua karatasi ya jaribio la mwanafunzi wangu, akaigeuza, akachora.

Alichora kikombe chenye kifuniko cha mbao. Brashi haikuwa kitu cha peke yake: iliota chini ya kifuniko hicho hicho, ikaning'inia ndani. Ukiinua kifuniko umeshika brashi. Ukikirudisha umefunika kikombe. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya kipande cha sabuni. Kila mwanamume angekuwa na chake, akitie kwenye mfuko pamoja na wembe wake, aende nacho kwa kinyozi. Alinieleza mara tatu usiku ule, akisimama, akikaa, akisimama tena. Sikuwa nimemwona akila vizuri hivyo kwa miezi minne.

Cha kwanza alitengenezewa na fundi wa makopo. Baada ya wiki kilishika kutu na povu likawa na rangi ya chai. Ndipo akasema, bila kunitazama, kwamba kitu kile kilitaka udongo.

Mama yangu alikuwa mfinyanzi. Aliishi mlimani juu ya Mlali, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka pale lori la mboga lilipokuacha. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani mmoja huingia pembeni, na wakiwa na neno, hulituma. Sasa mume wangu alikuwa na neno, tena la ndevu, jambo ambalo mwanamume hamtajii mama mkwe wake hata kwa mbali. Mjumbe nilikuwa mimi.

Jumamosi ya kwanza nilipanda na ile karatasi. Mama aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Akasema mdomo wa kikombe kile ulikuwa mwembamba kama wa mtu mchoyo, na kwamba huyo fundi afahamu kuwa udongo si mbao. "Mwambie udongo hupungua," alisema. "Hupungua ukikauka, hupungua tena motoni. Asichonge kifuniko kabla chombo hakijatoka kwenye moto. Fundi gani mzima hajui hilo?"

Njia nzima ya kushuka nilikuwa nikiyapanga maneno hayo. Nilimfikiria mume wangu amekaa ukingoni mwa kitanda, akiambiwa na mama mkwe kwamba si fundi mzima, miezi minne baada ya kiwanda kumwambia hivyo hivyo kwa barua. Nilipofika nilisema mama amekipenda, ila anashauri mdomo upanuliwe kidogo. Hilo la kupungua nilikuwa nimelifunga pamoja na lile tusi, na nilipoliacha tusi njiani, niliacha furushi lote.

Mume wangu akasema mdomo usiguswe, kifuniko kimeshachongwa, yeye afinyange tu alichochorewa. Jumamosi iliyofuata nikamwambia mama kwamba mkwe wake anamwomba sana, kama inawezekana, mdomo ubaki ulivyo. Mama akasikia "kama inawezekana". Akaupanua.

Chombo kilipokuja chini, kifuniko kilitumbukia ndani. Mume wangu alichonga kingine kikubwa kwa vipimo vipya alivyonituma nimpe mama, na safari hii chombo kikaja kidogo. Kifuniko kikakaa juu kama kofia ya kuazima. Cha tatu hakikufaa pia. Kati ya safari na safari mume wangu alitembea uani akipima na kupima upya, na mimi darasani nilijikuta nimeandika swali ubaoni, nimelifuta, nimeliandika tena, watoto wakinitazama. Usiku niliota ninapanda ule mlima na kila nikifika juu nimesahau nilichotumwa. Ningeweza kusema ukweli siku yoyote. Niliona ni rahisi zaidi kupanda tena.

Nilipopanda kuomba cha nne, mama aliniambia niketi. Alikuwa ananawa mikono, udongo umemfika viwiko.

"Maneno yangu ulimfikishia yote?"

Nilichukua kata, nikammiminia maji.

"Maneno yangu si mchele uyachambue," alisema. "Mlete mwenyewe."

Nilimwambia mume wangu ukweli wote jioni ile, pamoja na lile la fundi mzima. Nilitegemea akasirike kwa ajili ya tusi. Alikasirika kwa ajili ya udongo. Aliuliza mara mbili kama kweli nilikuwa najua tangu Jumamosi ya kwanza kwamba udongo hupungua. Kisha akatoka, akarudi saa mbili baadaye, akasema tutakwenda.

Tulipofika, mama alikuwa ameshaingia jikoni na kufunga mlango wa uani. Mume wangu aliwekewa gogo nje, akakaa ameupa mgongo ukuta wa udongo. Mama alikuwa ndani, upande wa pili wa ukuta ule ule. Juu kidogo palikuwa na tundu la kutolea moshi, na mkono ungeweza kupita hapo. Mimi nilisimama kwenye kona nikiwa tayari kubeba maneno.

"Shikamoo mama," mume wangu aliuambia uwanja.

"Marahaba mkwe wangu. Mtu wako ananyolewa amesimama au amekaa?"

Akasema amekaa.

"Basi kikombe kitakuwa wapi? Kinyozi ana mikono miwili, mmoja una wembe, mwingine una brashi."

Mume wangu alifikiri. Akasema mteja atakishika mwenyewe, labda gotini. Mama akasema kama ni gotini, basi kitako kiwe kipana na kizito, kwa sababu goti la mtu mwenye wembe shingoni halitulii. Mume wangu akatoa kalamu.

Kutoka hapo waliendelea bila mimi. Nilifungua mdomo mara mbili kumweleza mmoja alichokusudia mwingine, nikakuta ameshaelewa. Mama alimfundisha jinsi ya kukadiria udongo unavyopungua kwa upana wa kidole. Mume wangu alimweleza jinsi singa, zile nywele za brashi, zinavyofungwa. Mama akauliza brashi ile mbichi, ikishafunikwa, itakauka saa ngapi. Hakungoja jibu, akasema itaoza na kunuka. Akamwambia atatoboa matundu chini ya mdomo wa kikombe, kama ya chetezo, ila hewa ipite badala ya moshi. Mume wangu alicheka kwa sauti, cheko la mtu aliyeonyeshwa kitu kilichokuwa mbele ya macho yake.

Lakini walibishana juu ya unene. Yeye alitaka kikombe chembamba, chepesi kubeba. Mama alikataa. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia, mimi binti yake wa kumzaa.

"Baba yenu alipougua mwaka ule wa mwisho, mimi ndiye niliyemnyoa. Asubuhi huku kuna baridi. Kabla sijafika shavu la pili maji yameshapoa, naye anatetemeka. Nilikuwa namnyoa shavu moja leo, la pili kesho. Kikombe kikiwa kinene kinashika moto."

Mume wangu aliegemeza kichwa ukutani.

"Kitakuwa kinene, mama," alisema.

Nilikwenda mtoni kuchota maji. Mtungi ulikuwa umejaa, lakini sikujua mahali pengine pa kujiweka.

Vikombe vya kwanza vilishuka mlimani vimeviringishwa kwenye majani makavu ya migomba. Singa zilitusumbua. Wateja waliuliza kwanza kama ni za nguruwe, na mtaani kwetu hakuna ambaye angeziweka mdomoni mwake bila kujibiwa swali hilo. Mume wangu alitumia za mbuzi, alizokusanya machinjioni na kuzichemsha, na aliyekuwa na shaka alionyeshwa ngozi. Mwanzoni alizibandika kwa gundi ya seremala. Maji ya moto yakaiyeyusha, na karani mmoja wa mjini akatoka kwa kinyozi na ndevu nyeupe za mbuzi juu ya zake nyeusi. Baada ya hapo alizifunga kwa uzi wa viatu uliotiwa nta, akauvuta ndani ya tundu la kifuniko na kuupiga kigingi, na hazikutoka tena.

Kinyozi alitundika rafu. Vikombe vya wateja wake vilisimama hapo kwa mstari, kila kimoja na alama aliyoikwaruza mama kwa mwiba kabla ya kukichoma: samaki, jembe, nyota. Kwa mwaka mmoja na kitu nyumba yetu ilikuwa na singa kila mahali, hata kwenye uji. Mume wangu alipanda mlimani peke yake sasa. Nilipomuuliza wanazungumza nini muda wote ule, alisema, "Kazi." Jumamosi nilibaki na madaftari ya kusahihisha. Nilisahihisha haraka mno, nikayapitia upya, kisha nikatoka kufagia uwanja niliokwisha kuufagia.

Halafu kijana mmoja akafungua saluni hatua chache kutoka kwa kinyozi, yenye mashine ya umeme iliyonyoa bila povu. Kwenye meza za barabarani zikaja nyembe za plastiki zenye mpini, unanyolea, unatupa. Hakuna aliyetukosea. Vikombe havikuwa vibaya, ila watu hawakuvihitaji tena, na rafu ya kinyozi ikaanza kupungua, samaki akaondoka, nyota ikaondoka.

Mama alikuwa na vikombe sita vilivyokauka, havijachomwa. Tulikwenda wote wawili kumwambia. Mume wangu, kwenye gogo lake, alimwomba asipoteze kuni. Mama akajibu kutoka ndani kwamba chombo kilichokwisha kufinyangwa hakiachwi kibichi. Akatoka kwa mlango wa mbele na kuwasha moto upande wake wa nyumba, nasi tukabaki upande wetu tukinusa moshi.

Moto ulikuwa umeshashuka kuwa makaa wakati mvua ilipovuka mlima. Huko juu mvua haikupigii hodi. Nilisikia mama akipiga yowe moja fupi, na kabla sijageuka mume wangu alikuwa ameng'oa bati la banda la kuku na kuzunguka nyumba nalo. Nilipofika, alikuwa ameshika bati upande mmoja juu ya makaa, na mama ameshika upande wa pili. Kanga yake ilikuwa imeanguka mabegani, nywele zake nyeupe wazi, zinalowa. Nilikuwa sijawahi kuwaona mahali pamoja. Bati lilikuwa limepata moto. Mama alifunga vidole kwa upindo wa kanga, mume wangu kwa shati. Wote wawili walikuwa wanatazama chini, kwenye vikombe.

"Inua upande wako," mama alisema. "Maji yaende kule."

Akainua. Nilisogea nishike katikati, lakini bati halikuwa na nafasi ya mtu wa tatu, basi nikasimama mvuani nikiwatazama, nikihamisha uzito mguu huu na ule.

Mvua ilipokwisha mume wangu alilaza bati, akarudi upande wa pili wa nyumba bila kugeuka. Mama alijifunika, akachokoa makaa kwa kijiti. Viwili vilikuwa vimepasuka. Alivitoa vinne vizima, akaviacha vipoe, akaniita nimpelekee mkwe wake nguo kavu. Mwezi uliofuata mume wangu alipata kazi Mzumbe, kupiga mbao za kumwagia zege kwenye majengo, na akawa anarudi jioni amechoka kama watu wengine.