Meza ya Vinywaji Siku ya Ndoa Yangu

Muntu aliyetaka kuharibu ndoa yangu ni ndugu mudogo wa baba yangu. Siandiki jina lake, lakini watu wa kwetu Kingi watamujua. Nimepita vita, nimezika wengi. Sitaogopa muntu aliyekufa.

Baba alituacha nikiwa mutoto, wakati wa Wabelgiji. Kwa hiyo papa mudogo huyo njo alikuwa na neno juu yangu. Alitaka kunipa kwa muzee wa duka kule Mubi, mwenye wake wawili. Mama na wazee wa kanisa walikubali kijana wa Ntoto, nami nilimutaka. Papa mudogo akapokea mbuzi za mahari huku amenuna.

Kwetu, yeye njo aligawia wageni pombe kwa kila karamu. Aliposikia kanisa limekataza kasiksi, ile pombe ya ndizi, akasema, "Basi, mutajigawia wenyewe." Alifikiri tutamupigia magoti.

Mimi nikasema sawa, tutajigawia. Tukafunga meza ya miti barazani, tukaitandika majani ya migomba. Mutungi wa mutobe, maji ya ndizi mbivu tuliyokamua asubuhi ile, hayajaanza kuchacha. Mutungi wa marakuja, maji ya matunda ya pasheni. Sufuria ya muchaichai wenye asali. Kila chombo na kata yake, vikombe vya bati vya kuazima pembeni. Mugeni ajichotee anachotaka, kiasi anachotaka.

Mama akashika kichwa. "Wageni wajichotee kama ng'ombe kwa mutoni?"

"Ng'ombe hawana vikombe, mama."

Wakwe kutoka Ntoto walifika muchana, matope hadi magoti. Wakakaribishwa, wakaonyeshwa meza. Hakuna aliyesimama kwenda kuchota. Mimi nilikuwa chumbani, nimefunikwa shuka kama desturi, nachungulia kwenye tundu la ukuta. Papa mudogo alisimama kwenye lupango, ule uzio wa nyumba, mikono mugongoni.

"Wakwe," akasema kwa sauti, "kwenu munakunywaka kitu chenye mwenye nyumba hajaonja?"

Hapo nikaelewa. Kwetu na kwao, anayegawa anaonja kwanza mbele ya watu, waone hakuna sumu. Mugawaji alipokosekana, hakuna aliyekumbuka kuonja. Yeye alijua, akangoja. Katekista wa kanisa letu alikaa palepale, alijua pia, akanyamaza. Naye namuhesabia kosa.

Baba mukwe akachukua fimbo yake. Wangeondoka, mbuzi zingerudi, na mimi ningepelekwa Mubi.

Nikatoka. Bibi arusi haonekani kabla ya kuitwa, najua. Nikafunua uso, nikachota mutobe, nikanywa. Marakuja, nikanywa. Muchaichai ulikuwa moto sana. Nikaunywa vilevile, machozi yakinitoka.

Baba mukwe akasema, "Binti, utatuachia kidogo, ao umekusudia kumaliza yote?"

Wakacheka. Akaweka fimbo chini, akajichotea mutobe, akarudia. Wengine wakamufuata wakisukumana. Shangazi yao mumoja akachanganya marakuja na mutobe, akasema kwao hakuna mugawaji angemuruhusu.

Nikajaza kikombe, nikamupelekea papa mudogo pale lupangoni.

"Papa mudogo, karibu."

"Sina kiu."

"Hata mimi sikuwa nayo."

Asubuhi iliyofuata mimi na bwana yangu tukashika njia ya Ntoto. Mama alibaki, na yule papa mudogo akamunyang'anya shamba la migomba. Hilo pia ni kosa lake, liandikwe. Lakini Mubi sikwenda.