Mstari Mfupi Mbele ya Ghala

Katika kijiji kimoja nje ya Nanyamba, mwenyekiti wa chama cha msingi cha korosho hachaguliwi kwa kura ya siri. Wagombea husimama mbele ya ghala, na kila mwanachama hujipanga nyuma ya mtu wake, kijiji kizima kikitazama.

Asubuhi ya uchaguzi Asia alitembelewa na wifi yake, Sharifa, dada wa marehemu mumewe.

"Wifi, kaka yangu Zuberi anasimama leo. Tukimwangusha, mizani inakwenda kwa Wamakua. Na Jumamosi tunamtoa mwali wetu, au siyo?"

Kilikuwa kitisho chenye adabu. Bila Sharifa na wanawake wa ukoo, Shamimu, binti pekee wa Asia, angetoka unyagoni bila wa kumchezea.

Zuberi hakuwahi kumkosea Asia. Hilo ndilo lililomsumbua. Msimu uliopita, akiwa karani wa mizani, aliingiza ghalani magunia ya Wamakonde wenzake kwanza. Ya Asadi, mpinzani wake wa leo, Mmakua ambaye babu zake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji kwenye kivuko cha Kilambo, yalinyeshewa nje, kisha Zuberi huyohuyo akayaita daraja la pili. Asia aliona, akanyamaza. Hata sasa, wagombea wakiwa wamesimama mbele ya ghala, hakujua kama alitaka haki au alitaka tu kulala vizuri. Lakini miguu ilikwisha kumpeleka nyuma ya Asadi.

Mzee Kassimu, Mmakua na mtani wa Wamakonde, akapaza sauti: "Mama Shamimu, nduguzo wale kule! Moshi wa korosho umekuingia machoni?"

"Naona vizuri, mtani. Nimewahurumia, mstari wenu mfupi kama mkia wa mbuzi."

Watu wakacheka. Zuberi hakucheka. "Shemeji, damu yako iko huku."

"Damu yangu iko mwilini mwangu, shemeji. Korosho za watu zilinyeshewa, nami nilikuwapo."

"Jumamosi utacheza na nani?" Sharifa akauliza.

"Nitacheza mwenyewe."

Zuberi alishinda, mstari wake ulizunguka ghala. Jumamosi, kweli, hakuna mwanamke wa ukoo aliyekuja. Alikuja Mzee Kassimu na ngoma yake, akinung'unika kwamba Wamakonde hawajui hata kualika.

Asia angeweza kumpitisha mwali njia ya nyuma. Alimpitisha mlangoni kwa Sharifa, akicheza mbele yake, akipiga vigelegele peke yake hadi sauti ikamkauka. Dirisha la Sharifa likafungwa. Akamgeukia Kassimu.

"Piga tena, mtani. Hapahapa."