Maandishi Niliyoyabusu kwa Fundi Saa

Hasira bado ninazo, ingawa kosa ni langu. Mimi, mwalimu wa madrasa hapa Arusha, niliingia kwa fundi saa Mwajemi nikakuta picha aliyoichora: mwanamke kichwa wazi, analia, na chini yake herufi za Kiarabu. Aya tukufu chini ya nywele za mwanamke! Nikaiteremsha ukutani, nikayabusu maandishi, nikayagusisha kwenye paji langu, kisha nikamfokea mzee wa watu mbele ya karani wa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya.

"Mwalimu, umeyasoma?" fundi akauliza.

"Unanifundisha mimi Kurani?"

"Hicho ni Kiajemi, shairi langu. Siku hizi kwetu washairi na wachoraji hawafichi tena machozi. Huyo ni marehemu mke wangu. Hapo ulipobusu nimeandika: 'Mpenzi, umekwenda, nani atanibusu sasa?'"